Mzee Aliyekaa Nyuma ya Kanga

Baba yangu alinunua baiskeli ambayo hakujua kuipanda, na hakujifunza mpaka anaingia kaburini. Aliinunua kwa hela ya kahawa, msimu ambao kahawa ilikuwa kahawa kweli, akaisukuma kutoka mjini mpaka kwetu mlimani, njia yote ni kupanda. Watu wa pale chini ya kanisa wakamcheka. "Wewe Loti, hiyo baiskeli inakupeleka wewe, au wewe ndiye unaipeleka?" Baba akawaambia, "Tunasindikizana." Basi ikawa hivyo miaka yote. Anaifunga mikungu ya ndizi, anaisukuma kwenda sokoni, na kurudi anarudi nayo anaisukuma. Ila kengele alikuwa anapiga. Mtu anatembea kwa miguu yake, anapiga kengele.

Siku mama alipopata uchungu wa mdogo wangu wa mwisho, mtoto alikaa vibaya tumboni. Wanawake wa jirani wakahangaika naye wakashindwa, wakamwambia baba huyu wa kupeleka hospitali. Gari hakuna. Baba akaitoa baiskeli. Wakamkalisha mama kwenye kiti cha nyuma, shangazi kamshika upande huu, baba anasukuma upande ule, mimi nafuata na kapu la nguo. Kushuka ule mlima na mtu mwenye uchungu si mchezo, na breki za baiskeli ile baba hakuzijua maana hakuwahi kuwa na haja nazo. Tulifika hivyo hivyo. Mama akapona, na mtoto akapona, ingawa ana kichwa kigumu mpaka leo na siwezi kusema ni kwa ajili ya safari ile.

Mimi waliniacha kwenye korido. Nilikuwa sijawahi kuona sakafu inayong'aa, kwetu sakafu ilikuwa udongo na tunaisiriba kwa mavi ya ng'ombe. Kulikuwa na mama mmoja kavaa gauni la kijani, anapiga deki taratibu, anarudi kinyumenyume kama anayeaga mfalme. Nilitaka kupita. Akaniambia, "Subiri ikauke, mama mdogo, utateleza." Mama mdogo! Nyumbani nilikuwa naitwa "wewe". Nikakaa palepale nikamwangalia mpaka akamaliza, na nikajiambia kazi ninayoitaka ni hii. Wengine siku wanayoona hospitali wanatamani kuwa daktari. Daktari na mimi nilimwona, alikuwa na haraka, na viatu vyake vilichafua palipokwisha kusafishwa.

Ndiyo njia niliyoingilia, enyi wenzangu mnaoanza kazi wodi ya wazazi. Siku ya kuniaga mlinipa kanga na saa ya ukutani, mkasema bibi Anaeli, tuandikie mambo ya kazi kabla hujasahau. Sasa nimekaa hapa kwangu Olasiti, saa inagonga, naandika. Niliishia darasa la nne, kwa hiyo mkikuta herufi zimelala, mzinyanyue wenyewe. Habari za vyeo na mishahara naziacha. Cheo changu kilikuwa kimoja, mhudumu wa wodi, na mshahara mnaujua maana ndio huohuo mnapokea.

Siku ya kwanza nilipewa ndoo nyekundu na ndoo ya bluu, nikaambiwa nyekundu ni ya damu, bluu ni ya korido. Kufika mchana nilikuwa nimeshazichanganya. Aliyenikuta ni Sista Foibe, muuguzi mkuu wa zamu, Mchaga wa Machame, mwanamke mnene mwenye sauti ya mtu anayeita mwenzake ng'ambo ya mto. Nikajua kazi imeishia hapo. Akaniangalia, akaangalia ndoo, akasema, "Mama, umetupakia korido damu ya watu. Piga tena yote." Nikapiga tena yote. Nilipomaliza alikuwa ameniwekea chai na kipande cha mkate. Hakusema neno lingine juu ya jambo lile mpaka anastaafu, na mimi ndoo sikuchanganya tena. Nawaambieni hivi kwa sababu siku hizi nasikia mtu akikosea anapigwa picha anawekwa kwenye kundi la simu. Haya.

Huyo Foibe ndiye aliyenitoa kwenye ndoo peke yake. Alisomea uuguzi, alikuwa anajua mengi, na kile alichojua hakukificha hata kwa mwenye darasa la nne. Enzi zile tulikuwa na mtindo mmoja mbaya. Mama amejifungua kwa shida, ametoka thieta kupasuliwa au ametokwa na damu mpaka amekuwa mweupe kama chaki, basi muuguzi anakuja, anashika ziwa lake, anashika kichwa cha mtoto, anavigonganisha. "Nyonyesha, mama. Unamnyima mtoto." Mtoto analia, mama analia, muuguzi anaona amefanya kazi.

Foibe siku moja alimkuta dada mmoja muuguzi katikati ya mambo hayo. Hakumgombeza mbele ya mgonjwa. Alimwita kwenye chumba cha mashuka, na mimi nilikuwemo nakunja mashuka, nikasikia. "Huyu mama ametoka kushikwa na watu ambao hakuwaita," akasema. "Wamemwingizia mikono, wamemkata, wamemshona, na hata jina lake hawakuuliza. Walikuwa wanaokoa maisha, sawa. Sasa wewe huokoi kitu, unataka kuongeza mkono mwingine wa nini?" Yule dada akauliza, "Sasa Sista, nitamsaidiaje bila kumshika?" Foibe akasema, "Keti kwanza."

Na kweli alikuwa na kigoda chake. Kigoda kidogo cha mvule, kifupi kuliko kitanda, anatembea nacho wodini kama mwalimu na fimbo. Anakiweka chini, anaketi mpaka macho yake yanakuwa chini ya macho ya mgonjwa, ndipo anasema. "Shikamoo" akipewa anaitikia, halafu anauliza jambo moja tu: "Mama, wewe unataka nini?" Wengine wanasema nataka kulala. Wengine wanasema sitaki hata kumwona huyo mtoto. Foibe anasema sawa, lala, mtoto tunaye, tutamlisha kwa kikombe, ukimtaka tuite. Hakuna aliyesemwa vibaya. Na wengine wanasema nataka kunyonyesha, ila siwezi. Hao ndio waliokuwa wake.

Nilijifunza kwa kutazama. Damu ikimtoka mtu nyingi, maziwa yanachelewa, si kwamba mama hana mapenzi. Siku za kwanza ni matone tu, mazito, ya njano, na matone hayo usiyadharau. Unampa mama kitambaa cha moto, anaweka kifuani. Unamwonyesha kukamua kwa kujionyesha mwenyewe kifuani pako juu ya nguo, yeye anafanya kwake kwa mkono wake. Yakidondoka matone kwenye kijiko, unamshangilia kama amefunga goli. Kijiko kiwe cha chuma, kilichochemshwa, na cha plastiki sikushauri, matone yanakwama. Mgongo wake ukiruhusiwa kuusugua, usugue. Ukikataliwa, rudi nyuma. Mtori, ile supu ya ndizi na nyama, uwe mwepesi, nyama isagike, maana kuna ndugu wanaleta mtori mgumu kijiko kinasimama wima, mgonjwa atakula saa ngapi?

Na masikio, msisahau masikio. Tulikuwa na machela moja ambayo gurudumu lake lilikuwa linalia kama paka. Ilipita koridoni, nikaona wanawake waliotoka thieta wanashika shuka zao. Sikuelewa mpaka mmoja aliponiambia, "Mama, ile sauti ndiyo niliyoisikia nikipelekwa." Fundi wa hospitali aliombwa, akasema ataleta kipuri. Ninaandika haya bado sijakiona. Shemeji yangu ana gereji Ngarenaro, nikamwomba grisi kidogo kwenye kopo la siagi, nikapaka. Machela ikanyamaza. Ikanyamaza mno, ikamgonga mpishi kiunoni, kwa vile hakuisikia ikija. Lakini wodi ilipumzika.

Basi nifike kwa Lightness, maana huyo ndiye nilitaka kuwaeleza tangu mwanzo na baiskeli ikanichelewesha. Ni habari ya juzi juzi, karibu na mwisho wangu kazini. Foibe alikuwa ameshaongezewa muda baada ya umri wake wa kustaafu, magoti yakimsumbua, na kigoda chake nakibeba mimi. Mtoto wa Lightness yuko, mzima, anakimbiza kuku Elerai. Nasema mapema msije mkasoma roho zikiwa juu. Mambo hayakuwa kufa na kupona tena walipofika kwetu wodini. Kufa na kupona kulikuwa kumeshapita, na kilichobaki ni kile ambacho watu wengi hawakioni kuwa ni kitu.

Lightness alikuwa binti wa watu, fundi cherehani, mtoto wake wa kwanza. Uchungu ulimwanza kabla ya siku zake. Mume wake dereva wa lori, wakati huo amekwama mpakani njia ya Kongo. Mama yake mzazi alishafariki, mama mkwe naye alishafariki. Aliyemleta kwa bajaji ni baba mkwe, Mzee Zefania, Mmeru wa juu kabisa ambako ndizi zinapakana na msitu, aliyekuwa ameshuka kuleta maharage tu akakuta mambo yamekuwa mambo. Alijifungua, damu ikakataa kusimama. Wakamkimbiza thieta, wakamwongezea damu, wakamrudisha uhai. Mtoto wa kike, mdogo, mwepesi kama njiwa, akapelekwa chumba cha joto.

Alipoletwa kwetu, Foibe akaweka kigoda, akaketi.

"Mama, wewe unataka nini?"

Lightness alivuta shuka mpaka kidevuni. Halafu akasema, "Nataka kumnyonyesha mwenyewe." Akapumua. "Sista, kila kitu wamefanya wengine. Kumtoa wamemtoa wengine, nikiwa sijui nilipo. Kumwona wamemwona wengine kwanza. Kumvalisha wengine. Hiki kimoja nataka nifanye mimi."

Foibe akamwambia, "Basi tutajaribu. Nikikuahidi nitakuwa muongo. Kujaribu tutajaribu."

Shida zilikuwa mbili. Moja, Lightness alikuwa hana nguvu, mikono inatetemeka, kumshika mtoto muda mrefu hawezi. Na mtoto alitakiwa kubebwa kifuani, ngozi kwa ngozi, ule utaratibu wanaouita kangaruu, apate joto na ajifunze kutafuta ziwa. Foibe akatoka nje, nami nyuma na kigoda. Kwenye benchi yuko Mzee Zefania na koti lake, kofia yake, buti za shambani, na chupa ya mtori mapajani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, Sista. Mkwe wangu anaendeleaje?"

"Anaendelea. Baba, vua koti."

"Koti?"

"Na shati."

Mzee akanitazama mimi, kama nitamwambia Sista ameugua. "Sista, mimi ni mzee wa kanisa."

"Najua. Mjukuu wako anataka kifua chenye joto, cha baba yake kiko mpakani. Wewe chako kiko wapi?"

Akawaza. Akasema, "Kina mvi."

"Hajali."

Basi tukamtafutia kiti kwenye kile chumba cha mashuka, akavua, tukamnawisha, tukamweka mtoto kifuani na kumfunga kwa kitenge, shati juu. Mzee hakupumua. "Pumua, baba, ndiyo kazi yenyewe," Foibe akamwambia. Kesho yake akina mama waliokuwa wanapita kwenda bafuni walishaanza kuchungulia mlangoni. "Jamani, babu ana mimba!" Mzee akajibu bila kucheka, "Ndiyo, na mume wangu kanikimbia." Wodi ikapasuka. Tangu hapo wakawa wanamsalimia, "Mama kijacho, shikamoo!" naye anaitikia.

Shida ya pili ndiyo ilikuwa ngumu. Ninyi vijana wa mjini labda hamjui, au mnajua mnaona ni ushamba. Kwetu, wazee wa aina ya Zefania, baba mkwe na mke wa mwanawe wana mpaka wao. Hampi mkono. Haingii chumba anacholala. Yeye mwenyewe haonekani na mkwe akiwa hajavaa kamili, na akija kumkuta mkwe hajajistiri, mzee anaondoka mahali pale na harudi kukaa hapo tena. Wala hapo hakuna ugomvi, maana hasira haimo. Ni heshima, na hata wachungaji wameiacha ilivyo. Kwa hiyo mzee alikuwa chumba cha mashuka, Lightness wodini, na mtoto namchukua mimi kifuani kwa babu, nampeleka kwa mama yake, namrudisha.

Kila nikimfungua kwenye kile kitenge, mtoto anahisi baridi, analia. Analia korido nzima. Tukifika kitandani kakasirika, kichwa kinatupwa huku na huku, na Lightness ameshakuwa kama gogo. Mabega juu, jasho, macho kwenye dari. Kijiko kidogo alichokuwa akikamulia vizuri asubuhi, hapo hata tone hakuna. Mtoto tunampa kikombe cha maziwa ya hospitali, anashiba, analala. Lightness anageukia ukutani.

Siku kadhaa zikaenda hivyo. Siku moja aliniambia mimi, nikibadilisha shuka lake. "Bibi, mimi nisingependa kulalamika. Lakini nikisikia analia anakuja kutoka kule koridoni, mwili wangu unafunga. Siku ile nilimsikia hivyohivyo. Alikuwa analia anakwenda mbali, na mimi napelekwa upande mwingine. Nikajua kabaki peke yake. Nikasema huyu anakufa peke yake na mimi nakufa peke yangu." Halafu akasema lile nililokuwa naliogopa. "Labda niache tu. Apewe kikombe. Watoto si wanakua kwa kikombe?"

"Wanakua," nikasema, maana ni kweli.

"Lakini nilitaka," akasema.

Nikampelekea Foibe maneno hayo kama yalivyo, hata sikuongeza chumvi, na ninyi mnanijua kwa chumvi. Foibe akafikiri, akasema njia ni mtoto asisafiri. Babu akae kando ya kitanda, mtoto akiamka akiwa bado hajalia avuke kutoka kifua mpaka kifua. Tukaenda kumwambia mzee.

"Hapana," akasema. "Jambo lolote, hilo hapana. Mkwe wangu hajawahi kuniona hata bila kofia."

"Tutaweka kanga katikati, baba. Wewe utatazama ukuta."

"Na mtoto atavukaje?"

"Huyu mama Anaeli atamvusha."

Mzee alikitazama kile kichwa kidogo chini ya shati lake. Akauliza kama kanga itakuwa nzito. Nikamwambia nitafunga mbili.

Nikafunga kamba kutoka dirishani mpaka kwenye stendi ya dripu, nikatundika kanga mbili. Lightness kitandani upande huu, mzee upande ule kwenye kiti, uso umeelekea ukutani, kofia kichwani kifua wazi. Ungemwona ungecheka, na mimi nilikwenda kucheka bafuni. Asubuhi yote hakuna aliyesema neno. Ilipofika saa ya chai nikasikia kanga inasema.

"Baba."

"Naam, mama."

"Samahani kwa usumbufu."

"Usumbufu upi? Nimekalishwa kwenye kiti, naletewa chai. Nyumbani nachota maji mwenyewe."

Kikombe kikawekwa chini. Halafu, "Baba, siku ile ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa mlangoni."

"Mlango upi?"

"Wewe walikupitisha kushoto. Mtoto alipitishwa kulia. Nikasema sasa Zefania, huwezi kugawanyika. Kule kwako kuna madaktari wengi. Kwa mtoto kuna dada mmoja tu anatembea haraka. Nikamfuata mtoto. Wakafunga mlango, una kioo. Nikasimama kwenye kioo."

"Mpaka lini?"

"Mpaka waliponiambia umeamka. Yule dada alinifukuza, nikarudi. Akanifukuza tena, nikarudi. Mwishowe akaniletea stuli."

Nilikuwa nafuta dirisha ambalo lilikwisha kuwa safi. Kwa Lightness hakutoka sauti. Mzee akadhani kamkosea. "Nisamehe, mama. Labda ningekufuata wewe."

"Hapana, baba," akasema, na sauti ilikuwa imejaa machozi. "Hapana. Mimi nilidhani alikuwa peke yake."

"Hakuwa peke yake hata kidogo. Alikuwa ananitazama vibaya, kama ananidai."

Lightness alicheka akilia. Sikuwahi kumsikia akicheka kabla ya hapo. Baada ya hapo walikuwa wanaongea, kidogo kidogo. Mzee anamweleza habari za shamba, buni ilivyotoka mwaka huo, mbuzi aliyekula kitabu cha nyimbo. Wamekuwa mtu na mkwewe miaka, wamekula sufuria moja, na nadhani ndiyo walikuwa wanaongea kwa mara ya kwanza. Kijikoni matone yakaongezeka. Lakini mtoto, hata alipovushwa kimya, alilamba, akalegea, akalala. Hakukamata. Foibe akasema tusubiri, mdomo bado mdogo, na mama bado anaogopa. Nikaona Lightness anasubiri huku ameuma meno.

Sasa ile siku. Ilikuwa asubuhi, nimeshamwaga maji ya dawa sakafu nzima, glavu mkononi, nimefika mwisho wa wodi karibu na mlango. Foibe ameitwa chumba cha kujifungulia, kuna mama mwenye mapacha. Nikasikia mzee ananong'ona, mnong'ono wa mtu asiyesikia vizuri, ambao ni sawa na kelele.

"Mama Anaeli! Anatafuta!"

"Anatafuta nini, baba?"

"Anatafuta kwangu! Anafungua mdomo, ananishambulia! Mwambieni hapa duka limefungwa!"

Wodi ikaanza kucheka. Mimi nikaanza kuvua glavu, na glavu zenye maji zinajulikana zilivyo. Mtoto alikuwa hajalia. Alikuwa ameamka, ametulia, mdomo wazi kabisa, kichwa kinagonga kifua cha babu yake, ndio wakati wenyewe ambao Foibe alitwambia tuuvizie, na ni wakati mfupi. Ukipita anakasirika, na akikasirika tunarudi tulikotoka.

"Bibi, njoo," Lightness akasema. Sauti ilikuwa ya kuomba. "Bibi, atalia."

"Nakuja!" Nikapiga hatua, nikateleza kwenye maji yangu mwenyewe, nikashika kitanda cha watu.

Mtoto akatoa ile sauti ndogo ya kwanza, ya kukunja uso.

Nikamwona mzee anasimama. Akakifungua kitenge mwenyewe, mkono mmoja chini ya matako ya mtoto, mwingine nyuma ya shingo, kama tulivyomfundisha. Akafumba macho. Kofia ikamdondoka, hakuiokota. Akaisukuma kanga kwa bega, akavuka, kifua wazi na mvi zake zote, amefumba macho kama mtu anayesali, akaenda akipapasa kwa goti mpaka likagusa kitanda.

"Mama, nyoosha mikono," akasema.

Lightness akanyoosha. Haikutetemeka. Mtoto akavuka akiwa hajafunga mdomo, akaangukia kifuani kwa mama yake, akagonga mara moja, akagonga tena, akakamata. Nimeona watoto wengi wakikamata, na huyu alikamata kama anayeshika tawi mtoni.

Mzee alikuwa bado amesimama hapohapo, macho yamefumbwa, mikono iko wazi mbele yake haina kitu.

"Amekamata?" akauliza.

"Amekamata, baba."

"Anameza?"

Lightness alisikiliza. Sote tulisikiliza. Ilisikika, ile sauti ya koo dogo.

"Anameza," akasema. "Baba, anameza."

Mzee akatikisa kichwa kukubali. Akarudi kinyumenyume mpaka kanga ikamfunika. Akavaa shati, vifungo akavikosea kimoja kikabaki juu hakina tundu, akavaa koti, akaokota kofia akaikung'uta. Hakufungua macho vizuri mpaka alipokuwa ameupa mgongo wodi yote. Akaja mpaka mlangoni niliposimama na glavu moja.

"Baba, keti basi, nikuletee chai," nikamwambia.

"Nakuja," akasema.

Akapita pembeni kabisa, kando ya ukuta, asinichafulie sakafu, akashuka ngazi, akakata kuelekea barabara ya mlimani. Nikarudi kwenye ndoo yangu, nikamalizia deki, na hapo mlangoni nikaacha njia kavu ya mtu mmoja kupita, aikute akirudi. Hakurudi.